Mwaka Usio na Jina

"Basi huyu Dembele atazaliwa lini, fundi?"

Huzaifa muuza kahawa aliuliza hivyo huku akimimina, dele juu, finjani chini, asimwage hata tone. Wazee wawili waliokaa barazani wakacheka. Ubaid hakucheka. Alikuwa ameketi kigodani mbele ya ubao, patasi mapajani, nyundo ya mti miguuni, kama alivyoketi jana na juzi. Ilikuwa siku ya tisa.

"Ngojeni," akasema. "Khabari haziyafika."

"Haziyafika vipi? Redio imesema, magazeti yamesema, hata imamu wetu ayua. Ni Dembele."

"Haziyafika kwangu."

Wazee wakatazamana, wakanywa kahawa yao. Kila mtu hapo Kibokoni alijua maana ya neno hilo, na kila mtu alijua pia kwamba halizungumzwi.

Ubao wenyewe ulikuwa wa mvule, mrefu kumzidi mtu, umetundikwa ukutani nje ya karakana, juu ya baraza. Kila mstari una mwaka na jina, vimechongwa kwa herufi zilizozama ndani ya mti. Juu kabisa ni 1994, Ginola. Mgeni akipita hudhani ni orodha ya makadhi wa zamani, au masharifu waliozikwa karibu na hapo, na wako waliosimama mbele yake kwa heshima kubwa kabla ya kufika kwenye jina la Zlatan wakashangaa. Ni wachezaji bora wa ligi ya Ufaransa, mmoja kwa kila mwaka.

Na kwa nini Ufaransa, wakati Mombasa nzima imegawana Arsenal na Manchester na hakuna anayejali timu nyingine? Kwa sababu ya Faraj. Huyo alikuwa nduguye Ubaid, mdogo wake wa pekee, baba mmoja mama mmoja. Babu yao mzaa mama alikuwa Mngazija, na Wangazija wamejaa Marseille. Mjomba mmoja akamwita Faraj, naye akaenda mwaka wa tisini na mbili na begi moja na patasi tatu za baba yao. Zile patasi hazikupata kazi huko. Watu wa kule hawakuhitaji nakshi za milango. Faraj aliishia kufunga makabati ya jikoni, yale ya mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi, na katika barua zake alisema kazi si mbaya ila mbao hizo hazinukii chochote.

Alichokipata kule ni mpira. Barua yake ya mwaka wa tisini na nne ilisema kwamba wachezaji wenyewe wamekaa wakamchagua aliye bora miongoni mwao, jina lake Ginola, na yeye Faraj alikuwa amemtabiri tangu mwanzo. Ubaid akajibu kwamba utabiri wa baada ya mechi hata mbuzi anauweza. Hapo ndipo ukaanza mchezo wao. Kila msimu ukianza, kila mmoja alitaja jina lake. Msimu ukiisha, aliyekosea aliwalisha halua watu wa baraza nzima. Faraj akishindwa, Ubaid ndiye aliyeinunua kwa niaba yake, akaipitisha sinia akisema, "Kuleni, hii ya Faraj." Watu waliozaliwa baada ya Faraj kuondoka walikuwa wamekula halua yake mara nyingi, wakamwombea dua, na hawakuwahi kumwona.

Na kulikuwa na sharti moja. Barua ile ya kwanza ilichukua wiki tatu kufika, na Ubaid hakuwa na njia nyingine ya kujua. Baadaye zikaja simu, ukaja mtandao, habari zikawa zinafika Mombasa kabla mchezaji hajashuka jukwaani. Lakini sharti halikubadilika: patasi haigusi mbao mpaka Faraj aseme mwenyewe. Mwaka wa Drogba alipiga simu akipiga kelele hata Ubaid akaiweka mbali na sikio, maana Drogba alikuwa akichezea timu ya mji wake. Mwaka uliofuata, wa Essien, walikosea wote wawili, na baraza ikala halua siku mbili.

Ukiutazama ubao kuanzia chini kwenda juu, mstari wa mwisho ulikuwa 2024, Mbappe. Wa juu yake, Mbappe. Na Mbappe, na Mbappe, na Mbappe, na Mbappe. Majina sita yaliyopangana. Matano ni ya kweli. Moja Ubaid alilitia yeye.

Lile la 2020.

Mwaka huo mama yao, Bi Mwanakuu, alifariki ndani ya Ramadhani, wakati Mji wa Kale umefungwa, hapana kuingia hapana kutoka, na polisi wamesimama mwisho wa njia. Alizikwa makaburi ya Kikowani na watu wasiofika kumi na watano. Ndege zilikuwa hazitembei duniani kote. Faraj alipiga simu asubuhi ile, mama akiwa amekwisha oshwa na kuvishwa sanda, uso wake ungali wazi.

"Kaka," alisema, "siwezi kuya. Wayua siwezi kuya. Nioneshe uso wake tu. Washa kamera."

Ubaid alikuwa hajalala siku tatu. Alikuwa amemuuguza mama peke yake, amemgeuza peke yake, amemlisha kwa kijiko peke yake. Miaka ishirini na minane ya kuwa mtoto aliyebaki ikamtoka kinywani kwa mara moja.

"Uso wa mama si mechi ya mpira," akamwambia, "hata ukautazame kwenye simu."

Akakata. Wakamfunika mama, wakamchukua.

Wiki moja baadaye Faraj alipiga tena. Hakumtaja mama. Labda alidhani kwamba wakianza na mpira watafika kwenye mengine polepole, kama walivyozoea. Alisema ligi imevunjwa kwa ajili ya maradhi, na mwaka huu wachezaji hawakumchagua mtu. Hakuna jina.

"Hakuna ndege, hakuna jina," Ubaid akasema. "Kwako wewe kila kitu hakuna."

Na siku hiyo hiyo, kwa hasira, akachukua patasi akachonga Mbappe mbele ya 2020. Alijua si kweli. Baraza nzima ilijua si kweli. Alichonga apate kumuumiza mtu aliye ng'ambo ya bahari mbili, na mtu huyo aliumia, maana mwaka huo huo mwana barazani mmoja alimpelekea picha. Tangu hapo Faraj hakupiga simu. Kila mwezi wa tano alituma ujumbe wa neno moja tu. Mbappe. Ubaid aliusoma, akachonga, asijibu. Kila mwaka alisema moyoni, mwakani nitamjibu. Ukaidi wa Ubaid ulikuwa wa aina hiyo: haukuwa na kelele, ulikuwa na subira nyingi, na subira ikimsaidia mtu kukosea hakuna wa kumwambia.

Mwaka huu ujumbe haukuja. Jumapili ilipita, wiki ikapita. Ubaid akaanza kuamka alfajiri akiitazama simu kabla ya kutawadha.

Huzaifa alikusanya finjani, akainama karibu naye wazee wasisikie.

"Ubaid, wewe ndiwe mkubwa. Mpigie."

"Nimempigia yana mara mbili. Yalia tu."

"Mpigie tena."

"Nikimpigia nitamwambiaje?" Ubaid alimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nitasema nini, Huzaifa? Mimi nalimnyima uso wa mama."

Huzaifa alimmiminia kahawa ambayo hakuiomba, akaenda zake upande wa Ndia Kuu, vikombe vikigongana mkononi.

Ubaid alikunywa kahawa ile mpaka chini. Kisha akasimama, akaita wale wazee wawili wamsaidie, wakautungua ubao ukutani. Ulikuwa haujatunguliwa tangu siku ya kwanza. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe, rangi ya chokaa ya zamani, na mjusi mmoja akakimbia. Wakaulaza juu ya meza ya kazi, ndani. Wazee waliona Ubaid akilizungushia penseli jina la 2020 peke yake, tarakimu zikiachwa, wakaelewa kwamba analitoa. Mmoja akampiga bega taratibu. Wakatoka.

Aliyekwisha chonga hawezi kurudisha. Hilo ndilo jambo la kwanza baba yao aliwafundisha, wakiwa wote wawili wamekaa sakafuni na vipande vya mbao mikononi: mwashi akikosea hupaka tena, mshonaji akikosea hufumua, lakini ulichokitoa kwenye mti kimekwenda. Njia ni moja tu. Uchimbe zaidi, uchimbe kupita kina cha kosa lenyewe, usawazishe shimo, halafu ulitie kiraka. Na kiraka kitakubali iwapo ni mti wa aina moja na wenye umri mmoja. Ukitia mbao changa, itakauka, itasinyaa, na ufa utaonekana mwaka haujaisha.

Mvule wa umri ule ulikuwa mmoja tu katika karakana. Ulikuwa juu darini, umefungwa kwa shuka: ubao wa kichwani wa kitanda cha mama. Baba yao ndiye aliyekitengeneza kitanda hicho siku za arusi yake, na ubao wa majina alikuwa ameupasua kutoka gogo lile lile. Mwaka ule wa msiba Faraj alikuwa ameomba, kupitia mtu wa barazani, apelekewe kipande, hata cha ukubwa wa kiganja. Hicho nacho Ubaid alimnyima.

Akaushusha. Akafungua shuka. Akakaa nao mapajani kwa muda, kisha akachukua msumeno, akakata pembeni kipande cha urefu wa jina.

Alikuwa amekwisha kuchimba M na B simu ilipolia. Kilichoandikwa kiooni ni Faraj. Aliidondosha ndani ya vumbi la mbao, akaiokota.

"Faraj!"

"Ami, assalaam alaykum. Ni mimi, Nabiha."

Nabiha ni binti wa Faraj, aliyezaliwa kule. Kiswahili chake kilikuwa cha baba yake mtupu, cha Kibokoni ya miaka ya tisini, pamoja na maneno ambayo hapa vijana wamekwisha yaacha.

"Alaykum salaam, mwanangu. Babako yuwapi?"

"Tuko hospitali, ami. Wiki ya tatu sasa. Ni mapafu. Alikataza nisikwambie. Tangu yana hasemi. Daktari asema asikia. Nimeona umepiga, nikasema na nikosane naye, lakini nitampigia ami yangu. Zungumza naye. Namwekea sikioni."

Ukafuata mlio wa mashine, na pumzi ya mtu inayovutwa kwa kazi kubwa. Ubaid alifumbua kinywa. Alikuwa na miaka mitano ya maneno, aliyatunga kitandani, aliyatunga njiani akirudi msikitini, na sasa hakuna hata moja lililotoka. Alilia tu, mkono mdomoni asisikike.

Halafu akaiweka simu juu ya meza, karibu na ubao. Akashika patasi. Akapiga.

To, to, to. Akanyanyua, akageuza, to, to. Sauti ile ya nyundo ya mti juu ya patasi ndiyo sauti waliyokua nayo. Ndiyo iliyowaamsha asubuhi na kuwalaza mchana, na mama alikuwa akiweza kumtambua anayepiga, huyu Ubaid, huyu Faraj, akiwa jikoni hata hajageuka. Ubaid alipiga mapigo yake, mazito, ya pole pole. Vipande vya jina viliruka, herufi moja baada ya nyingine.

"Ami," sauti ya Nabiha ikatoka mezani, ndogo. "Ami, piga, usiwate. Kidole chake chenda. Apiga kwenye shuka."

"Apigaje?"

"Upesi upesi. Mara tatu, apumzika. Mara tatu."

Hayo yalikuwa mapigo ya Faraj. Siku zote alikuwa na haraka.

"Faraj," Ubaid akasema, na sauti ikamtoka hatimaye, "nalitoa. Wanisikia? Lile jina nalitoa. Hapakuwa na mtu mwaka ule. Wewe ulisema kweli. Nisamehe, ndugu yangu. Nisamehe na la mama."

Aliendelea kupiga mpaka shimo likawa safi na tambarare, na simu ikazimika chaji yake ikiwa imekwisha. Akaiwasha tena kwa waya, akatia gundi, akakilaza kiraka ndani ya shimo, nyuzi za mti zikifuatana na nyuzi za mti, akakibana kwa jiriwa. Gundi ilitaka kuachwa mpaka asubuhi. Alikaa pale pale mpaka akaenda kuswali alfajiri.

Asubuhi alikuwa akipitisha randa juu ya kiraka, maganda membamba yakijikunja na kuanguka miguuni, Nabiha alipopiga. Safari hii ilikuwa simu ya picha, na Ubaid alipoona sura ya yule msichana, mtandio umefungwa vibaya, hakungoja aambiwe.

"Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun," akasema.

"Alfajiri, ami. Kwa utulivu. Sasa wamemuosha. Kesho adhuhuri atazikwa." Alikuwa akijikaza. "Watu wauliza kama tungoje. Wasema huenda ukapata viza ukaya. Tukungoje, ami?"

Ubaid alizitazama kuta za karakana, mbao, vumbi, lango wazi la kwenda njiani ambako Huzaifa alikuwa amesimama na dele lake, amesikia. Viza. Angeipata lini, na kwa nani?

"Mzikeni," akasema. "Maiti hangojeshwi kwa ajili yangu. Mimi ndimi sifiki, mwanangu. Safari hii ni mimi."

"Kuna kitu nikusomee," Nabiha akasema. "Nimefungua simu yake. Kuna ujumbe alikuandikia Jumapili ile, hakuutuma. Siyui alichoka, ama aliona haya. Wasema: Dembele. Halua juu yangu."

Ndugu hao wawili walikuwa hawajashindania kitu kwa miaka mitano. Hakuna aliyetabiri, hakuna aliyekosea. Faraj alikuwa ameamua tu, peke yake, huko, kwamba aliyeshindwa ni yeye.

"Ami." Nabiha pia alijua habari ya mwaka ule. Nyumba ile nzima ya Marseille ilikuwa imeishi nayo. "Uso wake ungali wazi. Wataka kumuona?"

Hakumuuliza kwa kumrudishia. Alimuuliza kwa sababu alikuwa ameusiwa na baba yake amtunze ami yake, au kwa sababu alikuwa na moyo mwema, na hilo ndilo lililomchoma Ubaid zaidi. Angeweza kukataliwa na angestahili.

"Nioneshe," akasema.

Picha ikayumba, ikapita dari, taa, mkono wa mtu. Kisha ikatulia. Faraj alikuwa amezeeka. Ubaid hakuwa ametegemea hilo. Alikuwa amemuweka akilini yule kijana wa begi moja. Ndevu zilikuwa nyeupe, kuzidi zake mwenyewe, na shavu limeingia ndani, na paji la uso lilikuwa la mama, la mama kabisa, kama alivyolala ile asubuhi ambayo Faraj hakuoneshwa. Ubaid alitazama. Hakulia tena. Alitaka kuona vizuri.

Kisha akafanya jambo ambalo Huzaifa, aliyesimama mlangoni, hakulielewa mara moja. Aliipanguza meza kwa mkono, akapuliza vumbi, akaigeuza simu, kioo kikatazama ubao.

"Ami?" Nabiha akaita. "Mbona sikuoni? Naona mbao tu. Naona 2020, na mbele yake hapana kitu."

"Usiniangalie mimi, mwanangu. Muoneshe babako. Isogeze karibu na uso wake."

Kule akasogeza. Huku Ubaid akasimama ameishika simu kwa mikono miwili juu ya kile kiraka laini cha kitanda cha mama, kisichoandikwa chochote. Mlangoni Huzaifa aliweka dele chini. Akauliza kwa sauti ndogo halua anunue ya baraza nzima au vipi.

"Ya baraza nzima," Ubaid akasema, bila kugeuka. "Waambie ya Faraj."